Maua ya Pareto Chini ya Mlima

Mkisikia mtu akisema Chelangat alikuwa mwongo, mwambieni anywe maji kwanza, halafu amsikilize anayemjua.

Chelangat alikuwa na jino moja la mbele lililowatangulia wenzake. Watu wa Sachangwan walisema ndilo lililofungua mlango, maneno yatoke. Alikamua mbuzi wa Mzee Stavro, Mgiriki aliyekuja zamani na kazi ya reli akazeekea huku juu. Hakuwa na mke wala mtoto, ila mbuzi, na jibini iliyonuka hadi barabarani. Chelangat, mjane, alijengewa kibanda kwenye shamba la Mzee, na kando yake alilima viazi. Mzee akiwepo, kibanda kipo. Mzee akiuza, yeye na binti yake Jerop wabebe sufuria waende wasikokujua.

Jioni wakikamua, walishindana. Mzee alisifu kwao Arkadia.

"Milima ya kwetu, Mama Jerop, mbuzi hupanda mpaka akalamba wingu."

"Wa kwetu hawalambi, mzee, wanatafuna. Unadhani mvua imepotelea wapi?"

Jambo moja tu lilimshinda Chelangat. Mzee alisema kwao kuna bonde lililozungukwa na milima pande zote, mto hauna pa kutokea. Basi huingia shimoni, hupita chini ya mlima na kuibukia ng'ambo. Wachungaji hutupa majani shimoni, kisha huenda kuyapokea upande wa pili. Chelangat alilala na wivu siku hiyo. Uongo mtamu namna ile, na si yeye aliyeutunga!

Mwaka wa hamsini na nane hivi mvua iligoma, na Mzee akaanza kuumwa na hamu ya kwao. Hakula. Akasema mnunuzi wa shamba anakuja Jumatatu.

"Nikafie mahali mito inajua njia," akasema. "Tazama kijito chetu. Kinaingia kwenye ule ufa wa mawe, basi, kimekufa."

"Kimekufa?" Chelangat alikuwa amemshika mbuzi mguu, hakugeuka. "Kinatokea ng'ambo ya mlima, kwenye chemchemi."

"Umekiona?"

"Kukiona? Nimekinywa!"

Mzee akamtazama sana. Akaingia ghalani, akatoka na kikapu cha maua ya pareto, akaenda kuyamwaga yote ufani. "Kesho tutashuka. Yakitokea, siuzi."

Alfajiri, kabla jogoo hajapata sauti, Chelangat alipita shambani kwa Mzee akajaza shuka maua ya pareto, akauzunguka mlima na kuyatandaza juu ya chemchemi. Mzee alipoamka alimkuta anakamua, miguu imelowa umande, anaimba wimbo wa kanisani.

Wakashuka polepole, Mzee na bakora yake. Kufika, maji yalikuwa meupe kwa maua. Mzee akavua kofia. Akainama, akaokota moja, akaligeuza, akalinusa.

"Mama Jerop."

"Naam, mzee."

"Mimi nilitupa makavu. Yametoka kwenye gunia, yalikaushwa mwezi uliopita. Hili ni bichi."

Chelangat alihisi kibanda chake kinaanguka, na viazi vyote ndani yake. Lakini lile jino halikungoja ruhusa.

"Ndiyo maji ya kwetu hayo, mzee. Kikauke kitu chochote, kikipita humo kinarudi ujana. Kunywa kidogo, utaona."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akafuta machozi, akachota kwa kiganja, akanywa.

"Haya. Na yangu makavu yako wapi?"

"Yako njiani. Kwani mlima wetu ni kama wa kwenu, wa kupitwa kwa siku moja?"

Jumatatu mnunuzi alifika na gari lake, akaelekezwa ng'ambo ya mlima. Akamkuta Mzee amekaa kando ya chemchemi, kofia magotini, jibini mkononi, macho majini.

"Siuzi," akamwambia. "Nangoja maua."

Na huko juu Chelangat alikuwa ameinama na jembe, akipanda viazi vingine.