Vitamini za Mke Mwenzangu

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo ninao. Wateja wangu wote wanalijua hilo. Lakini kwa mjukuu wangu ulimi ulikuwa mzito. Binti yangu alifariki akaniachia mtoto mchanga, naye kazaliwa na virusi vya UKIMWI. Dawa zake za kila jioni nikazibatiza jina: vitamini za kunenepesha. Sasa yuko darasa la nne. Nesi wa kliniki akanionya, "Mama, mwambie, mtoto si mjinga." Nikamjibu: wewe na sindano yako, mimi na yangu.

Basi juzi jioni natafuta kifungo cha sare ya mteja kwenye kopo la vifungo, nakuta vidonge. Tena si kimoja!

"Wee, mke mwenzangu!" Ndivyo tunavyotaniana. "Hivi ni nini?"

Akashika mashavu yake. "Si umesema mwenyewe nimenenepa, bibi? Sasa vitamini za nini?"

Lo! Nilitaka kufoka, nikakosa wa kumfokea. Uongo wangu ndio uliomshauri aache. Nikaweka mkasi chini, nikamkalisha.

Nikamwambia yote. Kwamba kwenye damu yake kuna virusi, alizaliwa navyo, hana kosa, na mama yake hana kosa. Kwamba dawa inavilaza usingizi, haivifukuzi, akiacha, vinaamka. Kwamba akinywa kila siku atasoma, ataolewa, atazeeka mpaka anishinde mikunjo. Sauti haikutetemeka hata kidogo, nikajishangaa mwenyewe.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Sirudii."

Akachezea utepe wangu wa kupimia. "Na mama? Yeye alikuwa anakunywa?"

Swali hilo ndilo nililoliogopa miaka yote. Lakini nimetoka kuahidi sasa hivi, nitaanzaje kukwepa?

"Alikunywa, akapata nafuu, akanenepa. Akaona amepona, akaacha."

Akalitazama lile kopo. Hakulia. Nililia mimi, ovyo kabisa, mpaka sare ya watu ikalowa. Yeye akainuka, akajimiminia maji, akachukua kidonge kwenye chupa yake, akameza mbele yangu.

"Nyamaza, mke mwenzangu," akasema, akinifuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Mimi hata nikinenepa, nakunywa."