Betri Iliyoanikwa Juu ya Mabati

Mpaka leo mtu akiniambia kitu fulani kimekufa, kitupwe, huwa namuuliza kwanza ni nani aliyekipima. Nimekuwa hivi tangu mambo ya ile drili, na sina mpango wa kubadilika uzeeni.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu kwenye milima ya Kilungu. Mwethya yetu, yaani kikundi cha akina mama wanaolima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, ndiyo iliyobeba mawe na mchanga wa kujengea tangi la maji la shule. Tuliyabeba kwa mgongo, kamba kwenye paji la uso, kutoka mtoni hadi juu. Mgeni aliyesimamia mradi huo alipomaliza kazi na kurudi kwao, alituachia drili yake ndogo isiyohitaji waya, ile ya kuchomekwa betri kwenye mpini. Alitukabidhi sisi, mbele ya watu, akasema ni ya akina mama waliobeba mawe. Nasisitiza hili kwa sababu baadaye kuna waliojifanya wamesahau.

Tulipatana kwamba kila nyumba ya mwanachama itafungwa gata za kukinga maji ya mvua. Vishikizo vya chuma vya kushikilia gata tulikatiwa mjini Emali, vikaja bila matundu, kwa hiyo kila tundu tulitoboa wenyewe pale pale kwenye nyumba ya mtu. Kuna waliotuuliza kwa nini tusipige misumari tu tumalize. Hao hawajawahi kuona upepo wa mvua ya kwanza ukipita Kilungu. Gata ya msumari asubuhi utaiokota kwa jirani.

Kazi ya kutoboa ilikuwa yangu. Marehemu baba alikuwa akitengeneza koroboi na kuziba sufuria, nami nilikua nikichezea lehemu na mkasi wa mabati kabla sijajua kusonga ugali. Kazi ya kupeleka betri kuchajiwa ilikuwa ya mke wa shemeji yangu, ambaye aliuza avokado Emali kila siku ya soko. Aliiweka betri ndani ya kiondo, juu ya avokado, akaiacha kwenye duka la rafiki yake lenye stima, na jioni ikarudi na sukari na chumvi. Hivyo ndivyo nyumba moja baada ya nyingine ilivyopata gata.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mkwe wangu. Yeye ndiye aliyekuwa na umri mkubwa kutushinda sote, na zamu ya kwanza ilikuwa haki yake. Akakataa. Alisema atakuwa wa mwisho, kama anavyofanya akipakua chakula. Nilimwambia Mwaitu, yaani mama, hiyo nyonga yako haitaki mambo ya heshima, inataka maji karibu. Kijito kilikuwa chini kabisa ya mteremko, na ingawa mimi nilimchotea, mara nyingi nilimkuta ameshashuka na kibuyu chake, akipanda kwa kushikilia majani ya kando ya njia. Kila nilipomwona hivyo roho iliniuma, na nikazidi kuihesabia mvua siku zake.

Zamu yake ilipokaribia, betri ilikuwa imechoka. Ilitoboa matundu mawili matatu, ikaanza kuguna, ikasimama. Tukaipeleka Emali, ikarudi vile vile. Niliiacha kwa mama mkwe siku hiyo, nikaenda kulima.

Sasa, kila mtu aliyekuwa na redio huku kwetu anajua mawe ya redio, yaani betri zake ndogo, yakiisha nguvu unafanya nini. Unayaanika. Unayaweka juu ya mabati tangu asubuhi, jua liyapige, na jioni unapata habari na labda salamu za wasikilizaji. Sote tulifanya hivyo, walimu kwa wazee wa kanisa. Mama mkwe akaona betri ya drili inaumwa ugonjwa uleule, akaipa dawa ileile. Akaipandisha juu ya paa la jiko na kuigeuza adhuhuri ili jua liingie pande zote. Niliporudi, plastiki ilikuwa imepinda, na pembeni umetoka unga mweupe. Drili haikuguna tena.

Habari ilifika kwa shemeji kabla ya giza kuingia. Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu, mtoto wa kwanza wa mama huyo huyo, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa letu. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Mombasa, kwa hiyo pale bomani sauti ya mwanamume ilikuwa ya shemeji, na hakuionea huruma. Alisimama uani akacheka.

"Sasa mumeona? Mashine ya watu mmeanika kama mahindi."

Akaendelea.

"Jumapili mlete hiyo drili kwa kanisa. Kamati itaitafutia betri Nairobi. Hiyo si kitu ya wamama, imeshakufa mikononi mwenu."

Nilijua kamati ilivyotafuta vitu. Kamati ilikuwa imechukua wilbaro yetu kwa wiki moja, na hiyo wiki ilikuwa haijaisha bado. Ngazi yetu ndefu ilikuwa kwenye stoo ya shemeji, imeanikwa vitunguu. Betri ya Nairobi ingefika, kama ingefika, baada ya mvua, na drili isingerudi mlimani kwa mwanamke yeyote.

Lakini kilichonichoma zaidi ni mama mkwe. Alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, akaniita mwanawe, akasema polepole, "Mwana wakwa, wapatie tu. Ni mimi niliharibu. Nyumba yangu ikae vile iko." Mwanamke aliyebeba mawe ya tangi akiwa na nyonga mbovu anaomba msamaha kwa kuanika betri. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, nikamwambia hakuna mtu atakayepewa chochote.

Kesho yake niliifungua ile betri kwa kisu. Ndani nilikuta mawe kumi madogo, yamepangwa yakaunganishwa kwa vipande vya bati, yakavikwa karatasi. Nikamwita mama mkwe aje aone. Alikuwa ameitibu kama mawe ya redio, na kweli yalikuwa mawe, ya aina yake tu. Aliyageuzageuza kiganjani, akayafunga kwenye pindo la leso yake.

Akina mama wa mwethya wakaja kila mmoja na mawe ya tochi yake. Niliyapanga ndani ya kipande cha paipu, nikafunga waya huku na huku, na drili ikazunguka. Tukafurahi sana kwa muda mfupi sana. Ilizunguka vizuri hewani, lakini ilipogusa chuma ilisimama, na nilipoibana zaidi mawe yote yakaisha nguvu kabisa. Usiku ule kijiji kizima cha akina mama kilitembea bila tochi, na wanaume walipata la kusema.

Suluhisho lilikuwa nyumbani kwa mtu aliyetucheka. Shemeji alikuwa na televisheni, ya kwanza upande wetu wa mlima, na ilitumia betri ya gari. Nilikwenda kunywa chai na mkewe, nikaiona pale chini ya meza imefunikwa kitambaa cha kufuma, maua ya pinki. Nilifunua. Iliandikwa volti kumi na mbili. Kwenye ganda la betri yetu iliyopinda iliandikwa kumi na mbili vile vile. Nilikaa pale nikiwa na kikombe mkononi, chai ikapoa.

"Unaitaka," mke wa shemeji akasema. Halikuwa swali.

"Kwa siku moja. Jumamosi."

Alifikiri kidogo. "Akiniuliza siwezi kudanganya ati imeenda kuchajiwa. Nitamwambia iko kwa mama yake."

Waya niliotumia kwa mawe ya tochi ulikuwa mwembamba, na nilishajua haungeweza. Nikashuka Emali, nikaenda kwa mafundi wa malori kando ya barabara, nikaomba kipande kirefu cha waya mnene wa lori lililokufa. Fundi aliniuliza mama anataka waya ya lori ya nini. Nikamwambia ya kufunga mbuzi. Alinipa akiniangalia kama mbuzi wangu ni wakali sana.

Niliporudi nililisafisha lile ganda, nikalinyoosha kwa maji ya moto, nikachoma chuma cha lehemu kwenye jiko la makaa na kuunganisha waya kwenye vibati vya ndani, pale yale mawe yalipokuwa yameshika. Ganda likabaki kuwa ganda, la kuchomeka kwenye mpini tu, na nguvu itoke mbali. Mara ya kwanza drili ilizunguka kinyumenyume, ikawa inafungua skrubu badala ya kukaza. Nikageuza ncha za waya, ikakaa sawa.

Shida ilikuwa uzito. Betri ya gari huwezi kuisogeza chini kila mara unaposogeza ngazi, tena kwenye uwanja wetu wa mteremko. Ikianguka, asidi inamwagika. Hapo ndipo mama mkwe aliinuka kwenye kigoda. Alileta kiondo chake kikubwa, akatandika gunia, akaiweka betri wima, akaizungushia majani ya migomba ili isitikisike, kama anavyofunga kibuyu cha maji kisimwagike njiani. Mke wa shemeji akainama, akaweka mkwa, ule ukanda wa ngozi, kwenye paji la uso, akasimama na betri mgongoni. Mimi nikapanda ngazi ya kuazima. Nikisogea, naye anasogea, waya ukining'inia kati yetu. Drili iliingia kwenye chuma kwa sauti ambayo haikuwa nayo hata ilipokuwa mpya. Mama mkwe alinipitishia vishikizo kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kuanika, nilimsikia akiimba chini kwa chini.

Tulikuwa tumemaliza upande mmoja shemeji alipofika. Siku hiyo kulikuwa na mpira, na wageni wake walikuwa wamekaa sebuleni mbele ya kioo cheusi. Alitazama waya, akaufuata kwa macho kutoka mkononi mwangu hadi mgongoni mwa mkewe.

"Nani amewapa ruhusa?"

"Mimi," mkewe akasema, ameinama chini ya mzigo. "Hii betri ilinunuliwa na avokado. Avokado ni zangu. Sasa toka kidogo, unakanyaga waya."

Alitoka kwenye waya. Kisha akanionyesha kidole pale juu nilipokuwa. "Kesho hiyo drili itawekwa mezani, kanisani. Mbele ya kila mtu."

"Tumesikia, shemeji," nikasema, nikaendelea kutoboa. Tundu lilinyooka.

Jumapili baada ya ibada alisimama kwenye matangazo. Alisema kuna chombo kilichoharibiwa kwa kutojua, na kwamba kamati imeamua kikabidhiwe leo. Nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono miwili, tayari kusimama na kusema maneno niliyoyapanga usiku kucha. Kabla sijasimama, mama mkwe alikuwa ameshainuka. Alitembea hadi mbele, taratibu, nyonga ikimvuta upande mmoja, na kanisa zima likamngoja. Alifungua pindo la leso. Yale mawe kumi madogo yakamwagika juu ya meza ya kamati, moja likaviringika mpaka kwenye kitabu cha nyimbo cha mwanawe.

"Mlisema tulete kitu imekufa," akasema. "Ni hii. Ile ingine iko na kazi bado, tumebaki nayo."

"Mama, nilisema drili," shemeji akasema.

"Nilisikia vile ulisema."

Akarudi kwenye benchi yetu akaketi. Mchungaji alichukua muda mrefu sana kufunga Biblia yake. Upande wa akina mama hakuna aliyecheka, lakini mabega yalikuwa yakitikisika. Mimi sikucheka. Nilimtazama yule mama mzee aliyekuwa ameniomba nitoe kila kitu, amekaa wima kuliko watu wote mle ndani, na nikajua maneno yangu yote ya usiku kucha hayakuhitajika.

Jambo hilo halikutajwa tena kanisani. Ile drili tuliitumia miaka mingi, na betri ikibebwa mgongoni, mpaka mota yake ya ndani ilipoungua. Leso yangu moja bado ina matundu ya asidi na sijawahi kuiziba.

Mvua ilinyesha katikati ya juma. Mama mkwe alitoa kigoda nje, akakaa chini ya upenu akisikiliza pipa la chini ya gata likijaa, na kibuyu chake cha mtoni kikabaki kimetundikwa ukutani. Shemeji alikuja jioni, viatu vikiwa na matope, kumsalimia mama yake. Nilimpikia chai. Maji niliyachota kwenye pipa lile, akiniona, nikampelekea kikombe. Alikinywa chote. Sikumwuliza kitu, nilimwongeza tu.