Dagaa wa Kutegea Panya

Siku bundi alipotua kwenye mti wa uani kwetu Bellevue, hapa Johannesburg, nyumba nzima ilitoka nje. Vyumba saba, kila kimoja na nchi yake, lakini kwa bundi sote kabila moja: uchuro! Jirani yangu, msusi kutoka Bukavu, alishaokota jiwe. "Mama, hii ndege iko ya walozi. Tuifukuze."

"Weka jiwe chini," nilimwambia. "Mimi mtu wa Tanga. Uchawi unifundishe wewe?"

Wakacheka, wakamwacha ndege. Bundi akaja na mwenzake, wakatotoa makinda wawili. Kila magharibi, nikishasali, nilikaa kibarazani kuwatazama wakilishwa. Katika nyumba ile yenye kelele sikuwahi kupata majirani watulivu kama wale. Niliwapenda, basi.

Kisha panya akamng'ata mjukuu wangu kidole cha mguu. Damu ilinichemka. Asubuhi nikashuka mjini, Marshalltown, nikanunua sumu ya punje nyeusi kwa wanaoitandaza kando ya barabara. Nikaichanganya na dagaa, kama tulivyofanya nyumbani, nikaitega nyuma ya majiko. Panya walitoka wakipepesuka hadi uani, nami nikajisifu. Akili yangu yote ilikuwa kwa mtoto. Wale wa juu ya mti wanakula nini, wallahi sikuwaza.

Kesho yake jioni nilimkuta bundi mama chini ya mti, mabawa wazi, anatetemeka. Nilimfunga kanga, nikamtilia maziwa mdomoni, maana tumelelewa tukijua maziwa hukata sumu. Yote yalimwagika. Nikawapigia simu watu wa kuokoa wanyama. Walisema wako mbali, nisubiri. Msusi akaja kuchuchumaa pembeni yangu. Habari za walozi hakuzitaja. "Pole, mama," alisema, na bundi akanifia mapajani.

Juu, makinda walikuwa wanalia njaa. Mti ni mrefu, na mimi na magoti haya nitaupandaje? Mara baba yao akatua tawini na panya mdomoni. Panya mwenyewe bado anarusha miguu.

"Usiwape!" Nilipiga kelele, nikapiga makofi, nikamwomba, nikamtukana. Watu wakachungulia madirishani. Alinitazama kidogo, kisha akainama, na makinda wakaanza kumgombania.