Kioo Kilichopokelewa Kizima

"Miezi minne!" Mzee wa Vioo alipiga meza mpaka kalamu ya mwenyekiti wa kamati ikaanguka. "Kioo kimoja, miezi minne tunakingoja kutoka ng'ambo, halafu kinatufikia kimepasuka! Mtu anangoja mpaka anakufa! Na nyinyi mmekaa hapa mnabishana habari ya mashine!"

"Hakuna anayebisha, Mzee," alisema afisa manunuzi, mwanamke asiyepandisha sauti hata akitukanwa. "Nauliza tu. Fedha za mashine hiyo zinatosha vioo vya miaka kumi. Kwa nini tusiagize vioo?"

"Kwa sababu kioo ni kioo, dada. Kinavunjika."

Kwa asiyejua: walikuwa wakibishania mashine ya chumba safi, maabara isiyotakiwa kuingia hata chembe ya vumbi, ile inayotumiwa na vyuo vitatu kwa zamu. Unaingia umevaa gwanda jeupe kutoka utosini hadi unyayoni, macho tu ndiyo yako nje. Taa humo ni za njano, maana dawa inayopakwa kwenye visahani vya silikoni ikiguswa na mwanga mweupe imeharibika. Ukitaka kuchora kitu kwenye kisahani, lazima kwanza uwe na kioo chenye mchoro, mwanga upenye ndani yake, mchoro ushuke chini kama kivuli. Kila mchoro na kioo chake, na ukikosea mstari mmoja unaagiza kingine. Mashine mpya haina haja na kioo. Unaipa mchoro kutoka kwenye kompyuta, inauchora yenyewe kwa mwanga. Umekosea asubuhi, mchana umeshasahihisha.

Cha ajabu, aliyeitaka kuliko wote ni yule ambaye ingemwacha bila kazi. Miaka kumi na tisa Mzee alikuwa mtunza vioo. Yeye ndiye aliyevipokea, akaviosha, akavipanga kabatini, akavilaza juu ya visahani kwa mkono usiotikisika. Vijana wa maabara walimtania: "Mzee anajichimbia kaburi, tena anatuhimiza tumletee koleo!" Alicheka nao.

Aliyekufa akingoja alikuwa binti mtafiti, mwembamba, mdomo haukauki utani. Alikuwa akitengeneza kidude cha kupima maji ya visima, kidogo kama ukucha. Damu yake ilikuwa na ugonjwa; alijua, na wote walijua. Kioo chake cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilifika wiki tatu baada ya maziko.

Afisa manunuzi alifungua faili lake taratibu, kama mtu ambaye angependa lisifunguke.

"Mzee, usinichukie. Nilikuwa natafuta tuwadai fidia wasafirishaji, nikakutana na hati ya mapokezi. Imeandikwa, 'Kioo kimoja, kimepokelewa kizima.' Sahihi ni yako."

Mwenyekiti aliinama kuokota kalamu yake akakaa huko chini muda mrefu kuliko kalamu ilivyostahili.

"Labda ulisaini kabla hujafungua," mwanamke yule aliongeza. Alimwachia mlango wazi, na Mzee aliuona.

"Nilifungua," alisema. "Kilikuwa kizima. Kiliniponyoka mimi. Nilikuwa nakiosha, glovu zikateleza. Nikazoa vipande nikavirudisha kwenye boksi. Yule binti nikamwambia ni wasafirishaji. Nikawalaani mbele yake, tena kwa sauti."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Afisa manunuzi aliandika mistari miwili, akasema hoja imekuwa nzito zaidi: kama mkono wa Mzee wa Vioo umeangusha, mkono wa nani hautaangusha? Mashine ikapitishwa siku ileile.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Umewaambia wanakamati," alisema. "Mwenye mtoto je, umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini? Akishamfuata mwanawe?"

Miezi tisa ikapita, na bado hakwenda. Mashine ikafika kwenye kreti kubwa kama kabati la nguo. Kabla ya kuipokea, mkataba ulitaka ichore mchoro mmoja mgumu, wanakamati wakiangalia. Mzee aliwapa ule wa binti. Dakika kumi na moja. Walipouweka chini ya hadubini, hakuna mstari uliopinda. Vijana walipiga makofi. Mzee alivua gwanda, akaingia chooni, akafungua bomba limwage kwa nguvu ili wasimsikie akilia.

Kesho yake alikwenda.

Mama wa marehemu alikuwa mshonaji. Mzee alimkuta kwenye cherehani, sketi za shule zimejaa mapajani.

"Karibu, kaka. Kaa."

Hakukaa. Alitoa kidude ndani ya kikasha akamwekea kiganjani. "Hii ni kazi yake, dada. Imechorwa jana."

Mama alikigeuzageuza. "Sioni kitu."

"Kwa macho matupu haionekani."

"Basi kirudishe wakapimie maji. Mimi nikae nacho nipimie nini?"

Ndipo akasema yote, palepale amesimama, habari ya glovu, vipande, boksi na wasafirishaji. Mama aliendelea kushona. Upindo ulipokwisha akainua mguu kwenye pedali.

"Alijua."

"Alijua nini?"

"Unafikiri mwanangu alikuwa mjinga? Boksi lililopigwa njiani lingebonyea hata kona moja. Lile halikuwa na mkwaruzo. Alirudi hapa akaniambia, mama, yule mzee kaniangushia kioo changu."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikungoja wewe. Kila akija kazini anakuuliza kioo, wewe unamtajia wasafirishaji. Akirudi namuuliza, kasema? Ananijibu, bado, mama, labda kesho. Hata siku ile tuliyompeleka hospitali, labda kesho."

Mzee alikaa bila kukaribishwa mara ya pili, juu ya vitambaa vya watu.

"Kwa ajili ya kioo alikukasirikia siku mbili," mama alisema. "Kwa ule uongo, sijui. Hilo hakuniambia. Mimi nimekukasirikia kwa niaba yake mpaka leo asubuhi."

"Na sasa?"

Mama alikata uzi kwa meno. Macho yalikuwa yamemjaa, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayefunga hesabu na mteja msumbufu.

"Kioo hukudaiwa, kaka. Ulidaiwa neno. Umelileta kwa asiye mwenyewe, na umechelewa vibaya. Lakini mwenyewe hayupo, mrithi ni mimi, na mimi nimechoka kukudai." Alikivuta kitambaa ambacho Mzee alikuwa amekikalia. "Imetosha. Nenda nyumbani, mkeo asikungoje."