Ndugu Wanne na Fahali wa Dagoretti

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwenye Studio, ghorofani huko River Road, alinikabidhi ufagio badala ya kamera. Asubuhi hiyo tulikuwa tumekubaliana mshahara, yeye akiamini amenipunja, mimi nikiamini nimempunja, kwa hiyo tukaishi vizuri miaka mingi. Kwake nilijifunza picha za pasipoti, picha za harusi, na tabia ambayo haijaniacha: kuhesabu watu kabla ya kubonyeza, kisha kuwahesabu tena. Harusini hakosi mjomba aliyetoka kutafuta soda.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Mhariri wa Picha wa jarida moja la mjini, mtu aliyesifu kazi kwa kunyamaza. Mwishowe nikaishia kampuni ya muziki, chini ya Mkurugenzi, ambaye hakunyamaza hata akilala. Huko nilipiga picha za majalada ya albamu. Ninyi mnaosikiliza kwa simu hamjui: enzi za diski za sidii, jalada ndilo lililosimama dukani likimvuta mteja shati. Picha yake ina sheria zake. Juu unaacha anga tupu, maana jina la albamu litakaa hapo. Na ukingoni huweki mtu wa maana, kwa sababu mpangaji wa jalada akikosa nafasi huanza kukata ukingo.

Kampuni ilikuwa imerekodi ndugu wanne kutoka Kakamega wanaoimba kantri, ule muziki wa gitaa linalolia na kofia pana ambao watu wa Kinoo, pembezoni mwa mji, wanaupenda kama wameuzaa wenyewe. Wao waliutia ngoma za kuchezeka, ili vijana nao wanunue. Watatu wadogo walikuwa na sura za televisheni. Mkubwa wao, Dada Beatrice, alikuwa amepita hamsini na alifanya kazi za nyumbani kwa tajiri mmoja wa Kileleshwa. Yeye ndiye aliyeimba sauti ya chini, ile inayozibeba nyingine tatu, na ndiye aliyewafundisha wadogo zake kuimba, jikoni kwao, kwa do-re-mi ya kwaya.

Mkurugenzi aliniita ofisini.

"Kantri inauzwa na sura. Yule mama anakaa kama amekuja kudai rent."

"Sauti yake iko kwa kila wimbo, bosi."

"Sauti haionekani. Muweke pembeni, tutamkata."

"Na nani atamwambia?"

"Jalada litamwambia."

Jumapili, siku pekee aliyopewa ruhusa Beatrice kazini kwake, tulikwenda soko la ng'ombe la Dagoretti. Nilitaka fahali wa kusimama nyuma yao. Mchuuzi mmoja alikuwa na mzuri, mwekundu, pembe kama usukani wa baiskeli.

"Utalipa ngapi?" akauliza.

"Ng'ombe halipwi, mzee. Anapigwa picha tu, anarudi kwako vile alivyokuja."

"Huyu ni staa. Na mimi ndio meneja wake."

"Staa gani anaenda kuchinjwa kesho?"

"Ndio maana bei ni ya leo."

Tulielewana kwa chai na sahani ya mutura, ile soseji ya utumbo na damu. Nilihesabu vipande, naye akavihesabu.

Niliwapanga nilivyoagizwa: watatu katikati, fahali nyuma, Beatrice ukingoni kulia. Alivaa shati la drafti lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama yenyewe. Akatazama kamera, akatazama wadogo zake, akatazama ile nafasi niliyoiacha kati yake na wao.

"Kaka," akasema, "mbona mimi nimewekwa hapa kama kitu ya kutolewa?"

Nimewahi kubishana na makondakta, askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, na mashemeji. Kwa swali hilo sikubishana. Nikamwambia ukweli, agizo la Mkurugenzi lote, isipokuwa habari ya rent.

Wadogo zake wakaanza kuvua kofia. "Basi twende nyumbani," akasema kitindamimba, Isaac. "Hiyo albamu wauze na ng'ombe."

"Vaa kofia, wewe," Beatrice akamkemea. "Hizo nyimbo nimezisomesha na mwiko mkononi. Siendi mahali." Kisha akanigeukia. "Piga vile unaona. Lakini mimi niwe ndani."

Nikapiga chache za kusimama, zikatoka zimekufa. Walitabasamu kama watu wanaosubiri daktari wa meno. Nikawaambia, "Wachaneni na kamera. Imbeni."

Hapo ndipo walipojipanga wenyewe. Watatu wakamfuata Beatrice, wakamzunguka, kila mmoja akamwekea mkono begani au mgongoni. Ndivyo walivyoimba tangu utotoni: pumzi ya dada ikipanda, mikono inasikia, wote wanaanza pamoja. Fahali naye akainua kichwa. Nikahesabu watu, nikahesabu mikono, nikabonyeza.

Jumatatu Mkurugenzi alimsimamia mpangaji kwenye kompyuta. Kazi ilikuwa inakwenda kuchapishwa mchana huo.

"Toa mama."

"Nikimtoa, hawa watatu watakuwa wameshika hewa," mpangaji akasema. "Kuwachorea mikono mipya ni kazi ya siku kadhaa."

"Tumia zile zingine."

Nikazifungua. Akatazama yale meno yote, akakunja uso.

"Basi mpunguze."

"Anayejaza nafasi ni ng'ombe, bosi," nikasema. "Tumpunguze huyo."

Akapumua kwa pua. Tukamkata fahali hadi ikabaki pembe moja.

Baadaye Beatrice alinipigia simu. Tajiri wake wa Kileleshwa alikuwa akicheza nyimbo hizo garini wiki nzima, hadi alipoingia jikoni na jalada mkononi. "Beatrice, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, madam. Huyo wa katikati."

"Na alisema nini?" nikauliza.

"Alivuta kiti. Akasema nikae."

Sasa nimestaafu, niko Kinoo, nabishana na wauza nyanya ili nisishike kutu. Maduka ya sidii mengi yamefungwa, na jalada limekuwa dogo kama kifungo cha shati. Juzi binti yangu alinionyesha albamu ile kwenye simu yake. Ilikuwa imekatwa duara: jina halipo, kofia zimeondoka, pembe ya fahali imeondoka, Isaac amebaki nusu. Katikati Beatrice alikuwa mzima, mdomo wazi, na mikono ya watu juu yake. Nikaihesabu. Mitatu.