Blanketi la Mkwe Halikaushwi kwa Moto

Kuna Jumanne moja ambayo siisahau, mwanangu, na leo nitakusimulia hata kama hujaniomba. Usicheke ninapokuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba, na darasani bado nanyoosha mkono kuomba kwenda chooni. Lakini wewe, mtoto wa jirani, una kumi na mbili, umeanza kuachiwa ufunguo wa nyumba, na mashine za kufulia ziko pale chini ya jengo zikikusubiri. Mimi nimeshaunguza, wewe bado. Huo ndio uzee wangu. Kaa.

Nilikuwa na miaka kumi na nne, tunakaa Fittja, huku Sweden, ghorofa ya saba. Juu ya kabati la wazazi wangu kulikuwa na blanketi ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Lilikuwa zito, la manyoya laini, rangi ya maziwa, lenye mawaridi makubwa, na bado liko kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu. Ukiingiza kidole kwa siri lilikuwa laini kama sikio la paka. Nilikuwa naingiza kidole mara nyingi.

Blanketi hilo lilikuwa la Bibi, mama yake Mama. Kwetu, mwanamume anapooa, hata awe hana kitu namna gani, mama wa binti hupewa blanketi, maana yeye ndiye aliyemfunika huyo binti tangu mchanga. Lakini Baba na Mama walioana kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, na Baba siku hiyo alikuwa amevaa viatu vya kuazima. Blanketi angelitoa wapi? Bibi akawaambia nendeni tu, mtanifunika mkipata. Yeye akarudi Burundi, wao wakaletwa huku Sweden. Baba alipoanza kazi ya usafi kule Flemingsberg, kitu cha kwanza alichonunua kwa ajili ya mtu mwingine ni hilo blanketi. Watu walijitolea kumpelekea Bibi. Baba alikataa. "Nitampa mwenyewe," alisema, "kwa mkono wangu." Likakaa juu ya kabati miaka minane.

Hatimaye viza ya Bibi ikatoka, miezi mitatu. Angefika Alhamisi, na Jumamosi wazee wangekuja nyumbani kushuhudia.

Sasa Jumanne. Ilikuwa likizo ya vuli, wazazi wako kazini, na rafiki yangu Elia amekuja. Tulikuwa tunamwigiza mchungaji wetu, na mchungaji bila joho si mchungaji. Nikapanda kiti, nikashusha blanketi, nikajivika. Nikahubiri vizuri mno, mwanangu. Elia alikuwa anaanguka kwa kicheko, na mkononi ana glasi ya saft nyekundu, ile juisi nzito ambayo Mama hutuambia tuichanganye na maji na sisi hatuchanganyi. Iliruka yote. Doa likawa kubwa kama sahani.

Elia akaacha kucheka. "Mpigie mama yako."

"Una wazimu? Mashine tunazo."

"Mpigie tu. Sema ni mimi."

Ona, hata Elia, ambaye shuleni alikuwa wa mwisho kwa kila kitu isipokuwa mapumziko, alijua la kufanya. Mimi nilishuka nalo kwenye tvättstuga, kile chumba cha kufulia cha jengo zima. Kwenye ubao wa zamu, saa nne hadi saa saba hakukuwa na kikufuli cha mtu, yaani zamu hiyo ilikuwa wazi. Nikachomeka chetu. Ilikuwa tayari saa tano.

Nyumbani kwetu usafi ni povu. Kama hakuna povu, hujafua, umelowesha. Basi nilimimina vikombe vitatu vya sabuni ya unga, nikamimina dawa ya kulainisha nguo karibu nusu chupa, nikalisukuma blanketi kwa goti mpaka likaingia, nikaweka nyuzi sitini. Povu likajaa kiooni, mimi nikafurahi. Saa sita na nusu lilitoka limekunywa maji, tukalibeba wawili kama mzoga wa ng'ombe. Na hapo hapo akaingia mama mmoja Mswidi wa ghorofa ya tatu, kikapu mkononi. Huyo ndiye aliyekuwa akibandika vikaratasi ukutani kuhusu watu wasioheshimu saa. Akatazama saa yake. Akanitazama mimi. Akakaa kwenye kiti kungoja.

Kwa hofu ya yule mama nikazungusha mashine ya kukaushia mpaka alama ya mwisho, moto wote.

Lilipotoka, doa halikuwepo. Na ulaini pia haukuwepo. Upande mmoja manyoya yalikuwa yameungua nchani, yameshikana vinundu vinundu, yanakwaruza kama zulia la mlangoni.

"Limekuwa mbuzi aliyenyeshewa," alisema Elia.

Nikalikunja upande mbaya ndani, upande wenye nafuu nje. Nikafunga zipu. Nikalirudisha juu ya kabati na kujipongeza.

Mwanangu, zile siku tatu ndizo ninazotaka uzisikilize, maana blanketi lilishaungua, hilo lilikwisha. Siku tatu nilikuwa na nafasi. Alhamisi tulimpokea Bibi, mdogo, mikono baridi, akalia shingoni kwa Mama pale uwanja wa ndege mpaka watu wakatupisha. Ijumaa Baba alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe, anaimba chini chini. Sijawahi kumsikia Baba akiimba na pasi. Nikasimama mlangoni.

"Baba."

"Nini?"

"Shati zuri."

"Asante, kijana wangu," akasema, akaendelea kuimba.

Jumamosi sebule ilijaa. Mzee Zakaria alitoka Hallunda na koti lake refu. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga wa Baba kule kambini, kwa hiyo neno lilikuwa lake. Akasimulia ile ndoa, vile viatu vya kuazima, watu wakacheka. Kisha Baba akasimama na ule mfuko. Mimi nilidhani atampa Bibi mfuko, Bibi ataushika, tutakula. Hayo ndiyo niliyoyajua kuhusu mila, yaani sifuri.

"Fungua," Mzee Zakaria akamwambia. "Mama hafunikwi na plastiki."

Wakacheka tena. Mama akapiga vigelegele. Baba akavuta zipu, akalikunjua lote kwa mikono miwili, akaliinua juu, na vigelegele vya Mama vikakatikia njiani.

Mzee Zakaria akapitisha kiganja. Akapitisha tena. "Yohana," akasema taratibu, "hili mmelilalia ninyi kwanza?"

Unaelewa swali hilo? Kumpa mkwe blanketi ulilokwisha kulilalia ni kumwambia wewe ni wa makombo. Afadhali usimpe kabisa. Baba aliligeuza blanketi, akaliangalia kana kwamba kaletewa la jirani. Kuna mtu nyuma alikohoa.

"Nilinunua jipya," Baba akasema.

Sauti ile sikuijua. Ilikuwa ndogo. Baba yangu ni mtu wa kusalimia watu upande wa pili wa barabara wakasikia. Pale alikuwa anaomba kuaminiwa na watu waliokuja kula wali wake.

"Det var jag," nikasema kwa Kiswidi.

"Amesema nini?" Bibi akauliza.

Hakuna aliyemtafsiria. Wote walinigeukia wakaningoja, na ikabidi niseme mara ya pili, kwa Kiswahili, mbele ya mkutano mzima. "Ni mimi, Bibi. Nilimwaga juisi nikalifua nikaliunguza. Baba hajui. Mama hajui."

Baba akaanza kulikunja, akamgeukia Bibi. "Mama, nisamehe. Nitanunua jingine wiki hii."

"Nifunike," Bibi akasema.

"Mama, hili limeharibika."

"Nimesema nifunike. Nilikuwa nangoja mkono wako, sikuwa nangoja duka."

Baba akamfunika mabegani. Bibi akalishika kifuani kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa. Mama akarudia vigelegele vyake kuanzia pale vilipokatika.

Sikupigwa, ukitaka kujua. Jumatatu nilipotoka shule, wengine wote wakiwa bado kazini, Bibi aliniita bafuni. "Weye mfuaji, njoo." Akaniambia nisome kile kitambaa kidogo kilichoshonwa pembeni mwa blanketi.

"Nyuzi thelathini," nikasoma. "Na picha ya mashine ya kukaushia imekatwa kwa X."

"Kwa hiyo liliandikwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na kusoma unajua?"

"Ndiyo, Bibi."

"Haya. Vua soksi."

Tukajaza beseni la kuogea maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya maji. Nikalikanyaga kwa miguu, yeye amekaa kwenye ukingo. Nikiwa nakanyaga akasema, "Blanketi halijanikasirisha. Lakini baba yako alisimama pale anatafuta neno, na neno lilikuwa kinywani mwako tangu Jumanne. Ulikuwa unalitunzia nani?"

Niliendelea kukanyaga. Hata leo jibu nililonalo ni kwamba niliogopa, na nikilisema kwa sauti nalionea aibu.

Tulilisuuza mara nne, likatoa povu la Jumanne mpaka ya mwisho. Tukalitandaza kwenye kamba mbili za roshani, na lilipokuwa bado na unyevu Bibi akalichana kwa brashi laini ya mtoto, kuelekea upande mmoja, bila haraka. Sehemu kubwa iliamka. Vile vinundu vya pembeni havikuamka kamwe.

Basi nasaha zangu ni hizi. Blanketi la manyoya lifue peke yake, kwa maji yasiyo moto, mashine isijae mpaka usukume kwa goti. Sabuni kidogo, ya maji. Dawa ya kulainisha iache, inayalaza manyoya na kuyafanya yanate. Usilikamue kama kitambaa cha deki. Likung'ute, litandaze penye upepo, usilipeleke kwenye moto wala pasi, lichane likiwa na unyevu. Na ukimwaga kitu, mpigie mama yako dakika hiyo hiyo, doa likiwa bado bichi. Utagombezwa, sawa. Utagombezwa wewe, nyumbani, na wanaokupenda. Ukinyamaza, kuna siku mtu mwingine atasimama mahali pako mbele za watu bila kujua kosa lake ni lipi, na huyo mara nyingi ni yule aliyekununulia hata sabuni.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono yenye subira na mdomo unaowahi kusema kweli. Baba yako asipungukiwe sauti kwa ajili yako. Na siku utakapomfunika mtu unayempenda, aone joto.