Masharubu ya Mbwa wa D.C.

Mbweko mmoja usiku uliliamsha boma zima la Garissa. Asubuhi sisi makarani tulimwona mbwa wa Bwana D.C., Mwingereza mkuu wa wilaya, kijibwa cha manyoya magumu na masharubu manene, akizurura ukingoni mwa mto Tana, kwenye mamba. Kwa masharubu yale, jamani, angekuwa mtu angepewa cheo.

Bwana alimwita kwa Kiingereza. Mbwa hakugeuka.

Bwana akamgeukia mtumishi wake Msomali, aliyezoea kumchana mbwa huyo kwa kitana kilichofungwa kwenye fimbo, asiguswe na mate yake, ambayo kwa Mwislamu ni najisi.

“Wewe chana yeye kila siku. Ita!”

“Wallahi, bwana, jina mimi naita yeye, mbele yako hapana sema.”

“Ita, ama kazi hapana!”

Makarani tukainamisha nyuso. Mtumishi akaita, na mbwa akaja mbio:

“Bwana D.C.! Njoo nikuchane masharubu!”